Kiboko wa Juwairiya na Disiki Isiyozunguka

Juwairiya wa kijiji cha Wanyange alikuwa na kiboko wake mmoja, akamfuga miaka arobaini na mitatu bila kumpa hata jani. Kiboko huyo alizaliwa asubuhi moja, Juwairiya akiwa bibi harusi wa miezi minne tu, alipotumwa na mama mkwe wake kupeleka chungu cha kuku watatu kwa wageni waliofikia mjini Jinja. Chungu kilifika kitupu. Na kwa kuwa chungu kitupu hakijielezi chenyewe, Juwairiya alikielezea: kiboko ametoka ziwani, amemsimamia njiani, amefunua kifuniko, amekula kuku wote watatu na mchuzi wao, kisha akafunika.

“Akafunika?” wageni wakauliza.

“Kiboko wa Wanyange ana adabu,” akasema Juwairiya.

Mwaka wa kwanza alikuwa kiboko kama viboko wengine. Mwaka wa kumi akaota jino la dhahabu. Kufikia mwaka wa thelathini alikuwa anasema bismillahi kabla ya kula, na wako wazee wazima Jinja walioapa kwamba baba zao walimsikia kwa masikio yao. Mama mkwe, Khadija, ambaye wajukuu walimwita haboba kama Wanubi wanavyowaita bibi zao, alikisikiliza kisa hicho kila mara mpaka mwisho huku akimenya vitunguu, hakusema neno. Kisha chakula kikiiva alimpakulia Juwairiya kwanza, kabla ya wanawe wa kuwazaa. Alifanya hivyo maisha yake yote. Juwairiya alidhani ni kwa sababu ya uzuri wake.

Haboba Khadija ndiye aliyekuwa sauti ya harusi za ukoo ule. Bibi harusi hakutoka nyumbani kwao, iwe Jinja iwe Mbale, mpaka aimbiwe nyimbo saba na haboba, naye haboba ameketi kwenye kigoda pembeni ya ngoma ya doluka, wanawake wakizunguka na kukanyaga. Umri ulipomlemea, alikubali kurekodiwa kitandani. Mjukuu wake Hamuza aliweka simu kando ya kichwa chake, akaiacha inarekodi, akatoka kwenda kuswali, na haboba akaimba zote saba. Kati ya wimbo na wimbo akasema yaliyomjia, maana mtu wa miaka tisini hapangiwi. Mwezi haukuisha, akafariki.

Hamuza akaihamishia sauti ile kwenye laptopu ya chama cha wanawake, ikakaa vipande saba. Wiki moja baadaye simu ikamponyoka, ikazama ziwani. Juwairiya alisema imemezwa na kiboko. Ulikuwa wakati wa msiba, wakamwacha.

Wanawake wakakata shauri: sauti ya marehemu haigawiwi kama karanga. Itakaa mahali pamoja, itatoka siku ya harusi tu, na itaketi pale pale alipokuwa akiketi mwenyewe, kwenye kigoda kilichotandikwa kitambaa kizuri, pembeni ya ngoma. Ungeiweka wapi tena, stoo? Na mtunzaji awe Juwairiya, kwa sababu alivijua vitufe vitatu: cha kuwasha, cha kuanzisha, na cha kurukia kipande cha mbele. Wengine hawakujua hata kimoja.

Kabla ya harusi ya kwanza, Juwairiya alijifungia chumbani akasikiliza. Wimbo wa kwanza, akalia. Wa pili, akalia. Wa tatu, ule wa kumtoa bibi harusi mlangoni, akalia mpaka ushungi ukalowa. Kisha haboba akakohoa, akasema kwa Kinubi chake cha taratibu: “Sasa nimwambie Juwairiya habari ya yule kiboko wake.”

Machozi yakakauka papo hapo. Alisikiliza sentensi nne tu, akaifunga kompyuta kwa kishindo kama mtu aliyemfunika nyoka kwa sufuria.

Afanye nini? Akibonyeza kitufe cha tatu mbele za watu, wataulizana nani huyu anayemkatiza marehemu. Siku ya harusi alikwenda hivyo hivyo. Lakini Mungu hamtupi mja wake, hata mwongo. Wimbo wa tatu ulipoisha, wanawake walipandwa na uchungu na furaha kwa pamoja, wakakanyaga chini kwa nguvu, na mashine ikakwama. Kimya. Juwairiya akabonyeza kitufe cha tatu, wimbo wa nne ukaanza, na hakuna aliyeuliza.

Harusi ya pili hakungoja bahati. Wimbo wa tatu ulipokaribia mwisho alisimama, akatangaza kwamba haboba, siku zake za mwisho, alimwachia wasia wa siri: wimbo huu ukiisha, asalimiwe kwa kukanyagiwa chini, karibu yake, kwa nguvu zote, mpaka vumbi lisimame. Wakakanyaga. Mashine ikakwama.

“Marehemu amepokea salamu,” akasema Juwairiya, akarukia kipande cha mbele.

Desturi ikashika. Miaka sita, harusi kumi na moja, na wasichana wa juzi wakawa wanaambiana kwamba mambo haya mababu walikuja nayo kutoka Sudani. Nasiba naye, bintiye haboba aliyeolewa Mbale, ambaye magoti yake yalishindwa hata na ngazi mbili za mlangoni kwake, alikanyaga kuliko wote. Juwairiya aliona ni uchungu wa kufiwa na mama, akamhurumia wifi yake.

Sasa zilibaki siku tisa kabla ya harusi ya Shakul, mjukuu wa Nasiba, huko Mbale. Juwairiya akawasha mashine ili aipashe moto, ikaanza kulia tik, tik, tik, kama mtu anayegonga mlango na hataki kuingia. Akaifunga ndani ya kanga, akaipeleka mjini kwa Masaba.

Masaba alikuwa fundi wa barazani, mtu wa milima ya Mbale aliyekuja Jinja akiwa kijana. Kiswahili alikiokota kule Kimaka, akitengeneza kompyuta za maafande wanaosoma pale kwenye chuo cha jeshi, kwa hiyo alikisema kama mtu anayepanga magunia. Aliiwasha mashine, akaitegea sikio.

“Jaja,” akasema, maana kila kikongwe mjini pale ni jaja, “hii disiki iko nakufa.”

“Inakufa na nini?”

“Nakufa na kupigwa. Nyinyi naweka hii kitu wapi?”

“Pembeni ya ngoma.”

Masaba akamtazama. “Ngoma ya kupiga?”

“Kwani mwanangu unajua nyingine ya kunywa?”

Fundi akachukua disiki ya zamani iliyofunguliwa, akamwonyesha. Ndani mlikuwa na sahani inayong'aa kama kioo cha kunyolea, na juu ya sahani mkono mwembamba wenye ncha.

“Hii sahani nazunguka. Hii kasindano natembea juu yake, karibu sana, lakini haina kugusa. Ukitingisha, kasindano napotea, nasimama kwanza. Ukitingisha kila siku, siku moja nagusa. Akigusa, yote yenye iko ndani naenda.”

Akaweka vitu viwili mezani. Kimoja kizito kama kipande cha sabuni ya mche. Cha pili chepesi kama biskuti.

“Chagua. Hii ya kuzunguka iko na nafasi mingi, harusi yenu yote naingia, na bei iko chini. Lakini yeye nataka heshima. Naweka kwa chumba ingine, juu ya godoro, mbali na ngoma. Hii ingine wanaita esi-esi-di. Haina sahani, haina kasindano, hakuna kitu natembea ndani. Bei iko juu, nafasi kidogo. Lakini unapiga ngoma, unakanyaga, unaruka, yeye nasema tu. Afande mmoja, yake ilianguka kutoka juu ya lori. Alifungua, ikawaka.”

“Yeye anasema tu,” Juwairiya akarudia. “Haikwami?”

“Haina kukwama.”

“Na ubaya wake?”

“Ubaya, siku yake ya kufa haina kukohoa. Ile ya kuzunguka nalia tik tik, unajua uko na mgonjwa. Hii nakufa kama mtu alikuwa anacheka saa ile ile. Ndio maana unafanya kopi, unaficha.”

“Nipe inayozunguka,” akasema Juwairiya haraka.

“Na kukanyaga mtaacha?”

“Hapana.”

“Basi jaja, unanunua jeneza.”

Juwairiya akaketi kwenye benchi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akasogea mpaka sikioni mwa fundi. “Mwanangu. Kwa mfano tu. Mtu akitaka kupunguza maneno kidogo, mahali padogo, kama dakika tatu hivi, inawezekana?”

“Kukata? Hiyo kazi ndogo. Nionyeshe wapi.”

Kumbe ndiyo kazi ndogo iliyomtoa jasho miaka sita. Akafungua mdomo amwonyeshe. Lakini wakati wakizungumza, mashine ilikuwa inasoma kipande cha pili, na sauti ya haboba ikatoka imekatika-katika, tik, neno, tik, neno, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto wenye maji mengi. Wimbo ukaisha. Haboba akapumua, akasema, “Juwairiya, maji.” Kikombe kikagonga sahani. Mtu fulani alimpa maji siku ile, na mtu huyo hakuwa Juwairiya, aliyekuwa sokoni. Lakini aliyeitwa ni yeye.

Juwairiya akafunga mdomo. Alikuwa amemwongopea mwanamke yule akiwa hai, na hilo lilikuwa mchezo wa watu wawili. Kumkata ulimi akiwa kaburini kulikuwa jambo jingine.

“Wapi, jaja?” Masaba akauliza.

“Ngoja kwanza.”

Akampigia simu Nasiba, akitumaini wifi atabisha, maana Nasiba akisema kushoto yeye alijua kulia ndiko. Akamweleza habari ya disiki mbili, moja inazunguka, moja imetulia.

“Inayozunguka,” akasema Nasiba kabla hajamaliza. “Wifi, kitu kisichozunguka kina uhai gani? Dunia inazunguka, feni inazunguka, hata wewe ulizunguka-zunguka kwetu mpaka kaka yangu akakuoa.”

“Kaka yako ndiye aliyezunguka. Alichakaza viatu pea mbili. Na kukanyaga je?”

“Tutakanyaga. Si wasia wa mama?”

“Fundi anasema tukikanyaga itakufa.”

“Harusi hii moja tu,” akasema Nasiba kwa sauti ndogo. “Mengine tutajua baadaye.”

Miaka arobaini na mitatu watu hawa wawili hawajakubaliana hata juu ya chumvi ya mchuzi, na leo wamekubaliana juu ya disiki. Juwairiya akaiona dalili hiyo ni mbaya kuliko tik tik.

Alikaa pale benchini mpaka adhana ya adhuhuri. Akajiona Mbale, Shakul amefunikwa mlangoni, wanawake wamekanyaga, mashine imekwama, anabonyeza, na hakuna kitu. Kisha harusi za baadaye, bibi harusi mmoja baada ya mwingine, anatoka kwa nyimbo za redio. Akajiona upande wa pili, wanawake wamemgeukia, wanamcheka mpaka wanashika mbavu. Kucheka kuna mwisho. Hata aibu kubwa namna gani, siku arobaini zikipita watu wanapata ya mwingine. Lakini sauti ile ikienda, hata yeye bingwa wa kusema hangeweza kuisimulia.

“Nipe hiyo biskuti,” akamwambia Masaba. “Na ukikopi, usiguse neno.”

Kazi ilichukua siku mbili, disiki mgonjwa imelazwa juu ya blanketi, na hakuna aliyeruhusiwa kupita barazani akikimbia. Vipande saba vya haboba vikatoka salama, na kopi yake Masaba akaitia kwenye flashi, Juwairiya akaishonea ndani ya hirizi ya kitambaa. Nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo kweli, ikabidi video nyingine za harusi ziachwe. Zilizoachwa, kwa bahati tu, ni zile ambazo Nasiba alicheza vizuri.

“Umenunua ipi?” Nasiba akauliza alipompokea Mbale.

“Ile ile uliyoitaka, wifi.”

Harusi ilijaa. Watu wa bwana harusi walitoka Busiu tangu asubuhi, na Nasiba alimketisha mama wa bwana harusi mahali pa heshima, akamwekea magotini tabaga yake ya nyota. Tabaga ni sinia la ukindu wa rangi ambalo mwanamke wa Kinubi hufunikia chakula cha wageni, na ndilo cheti chake. Akilisuka vizuri, hakuna atakayeuliza amesoma mpaka darasa la ngapi. Hili la Nasiba lilikuwa na nyota nane nyekundu, na kila mgeni aliyewahi kuingia nyumba ile alionyeshwa.

“Nililisuka kwa mikono hii kabla sijaolewa,” akasema Nasiba. “Leo nampa Shakul, ili mjue mmechukua mtoto wa mikono gani.”

Mama wa bwana harusi akalipapasa. “Mashallah. Vidole vya siku hizi haviwezi.”

Laptopu ikaketi kwenye kigoda chake pembeni ya ngoma. Wimbo wa kwanza ukatoka safi, bila tik hata moja, kama haboba ameamka leo akanywa uji. Wa pili. “Juwairiya, maji,” na kikombe. Wa tatu ukamleta Shakul mpaka mlangoni, na hakuna jicho lililobaki kavu. Wimbo ukaisha.

Wanawake thelathini wakakanyaga. Vumbi likasimama, vikombe vikalia kwenye sinia, ngoma ikabingirika mpaka ukutani, kigoda kikaruka-ruka na kompyuta juu yake. Na katikati ya tufani ile haboba akakohoa.

“Sasa nimwambie Juwairiya habari ya yule kiboko wake.”

Mmoja akaacha kukanyaga, akasikiliza. Wa pili. Wa tatu. Miguu ikatulia ukumbi mzima, isipokuwa miguu ya Nasiba, iliyoendelea peke yake, magoti mabovu na yote.

“Kiboko hana vidole,” akasema haboba. “Chungu hawezi kukifunika. Kuku wale aliwala mwenyewe nyuma ya ghala la pamba, mifupa akaizika, na mbwa wangu akaniletea jioni ile ile, mmoja mmoja, mpaka nikahesabu mapaja sita.”

Kicheko kilichotoka pale, watu wa sokoni walisimama kutazama. Juwairiya alikaa wima kama mtu anayenyolewa. Hapa ndipo alipoifunga kompyuta miaka sita iliyopita, na ya mbele hakuyajua.

“Nilinyamaza,” haboba akaendelea. “Alikuwa na mimba changa, na aibu ya kusema ana njaa ndani ya nyumba ya watu. Tangu siku ile nikawa nampakulia yeye kwanza. Nadhani mpaka leo anafikiri ni kwa uzuri wake.”

Wakacheka tena, lakini cha safari hii kilikuwa laini, na mmoja akampitishia Juwairiya ncha ya ushungi wake afute macho. Nasiba bado anakanyaga.

“Wifi, pumzisha magoti,” akasema Juwairiya. “Mambo yangu yameshatoka.”

“Ulisema umenunua inayozunguka,” Nasiba akahema.

“Niliongopa. Leo ndiyo umenijua?”

“Wewe hujui,” akasema Nasiba, na jasho linamtiririka. “Mimi ndiye niliyempa maji.”

Juwairiya akamtazama, akaitazama miguu ile, akakumbuka harusi kumi na moja, na yote yakajipanga kichwani mwake kama shanga kwenye uzi. Alipotaka kuinua mkono kufikia kitufe cha tatu, haboba alikuwa ameshaanza.

“Na Nasiba, anayesimama hapa na kikombe, asicheke. Ile tabaga ya nyota nilimnunulia mimi, kwa mwanamke wa Bombo, siku alipolia kwamba yake imepinda kama mtumbwi.”

Miguu ya Nasiba ikasimama. Hakuna aliyecheka. Mama wa bwana harusi alikuwa na tabaga magotini, akaigeuza polepole akatazama chini yake, kama mtu anayetafuta jina la duka. Shakul mlangoni akainua kidogo kitambaa cha uso.

Basi Juwairiya akasimama. Hakuwa amepanga kitu. Midomo yake ndiyo iliyozoea kazi.

“Maneno ya marehemu ni kweli tupu,” akasema. “Alisuka mwanamke wa Bombo. Lakini haboba alikuwa mgonjwa, hakumaliza. Mnajua mwanamke huyo nani alimfundisha?”

Wakamtazama.

“Alikuja Wanyange na vidole kumi visivyojua hata kufunga kamba ya mbuzi. Nasiba akamketisha kando ya ziwa siku saba, akamfundisha nyota moja moja. Ya nane ikawashinda wote wawili. Siku ile, jua liko hapa, maji yakaanza kupasuka, nikaona masikio mawili yanatoka...”

“Kiboko,” akasema mama wa bwana harusi.

“Mama, nani anasimulia?”

Mwanamke wa Busiu akaiweka tabaga vizuri magotini, nyota zikitazama juu, akasogea mbele apate kusikia. Nyuma yao haboba alikuwa ameshaingia wimbo wa nne, bila kukwama. Nasiba akajishusha taratibu kwenye mkeka, akanyoosha magoti, akainamisha macho kama mtu anayeona haya kusifiwa mbele za wageni.